Kasha la saa ya babu lenye njumu: vipande vinadondoka, fundi anataka kulipiga msasa lote. Nifanyeje?

#1 MwanaMagomeni
Wakuu salaam.

Babu yangu alikuwa karani bandarini. Miaka ya sitini alinunua saa ya ukutani mnadani Upanga, kwa familia iliyokuwa inahama nchi. Ikakaa sebuleni Magomeni hadi alipofariki, na hakuna mjukuu asiyeujua mlio wake. Uso wa duara, chini yake kisanduku chenye kidirisha cha kioo ambamo unaiona pendulamu ikienda na kurudi. Mbao zinazouzunguka uso zimetiwa njumu: maua ya ganda la chaza, majani ya mbao nyeupe na nyeusi, na uzi mwembamba wa shaba ya manjano uliopita pembeni kote.

Mwaka jana niliihamishia kwangu, ghorofani Kijitonyama. Miezi michache tu, uzi wa shaba umenyanyuka sehemu mbili na vipande saba vya njumu vimedondoka. Vinne ninavyo kwenye kikopo. Vitatu nahisi vilifagiwa.

Fundi mmoja wa fanicha kaniambia atalipiga kasha zima msasa wa mashine, mashimo ayazibe kwa plastiki nyeupe, apulize vanishi, siku mbili nakuta mpya. Moyo umekataa ila hoja sina. Nimwachie? Na kuna anayejua saa hizi zimetoka wapi? Mashine ina nyota, ndani yake herufi J.

#2 Kapungu
Usimpe. Naongea kwa uchungu. Nilikuwa na kijisanduku cha bibi chenye njumu ya shaba, na ile shaba ilikuwa imechorwa mishipa ya majani kwa ncha kali, mistari myembamba kama nywele. Fundi akapitisha msasa wa mashine dakika tano. Michoro yote ikafutika, na vinia, ule ubao mwembamba unaobandikwa juu, upande mmoja ikaisha kabisa, mbao ya chini ikatokeza. Nililia mtu mzima. Kile hakirudi.

#3 Mzee wa Upanga
Hiyo nyota ya J ni ya Mjapani. Saa za Seikosha zilijaa Kariakoo na Mtaa wa India tukiwa vijana. Kwa hiyo kijana, usiumize kichwa, ni saa ya kawaida tu.

#4 FundiSaa_Gerezani
Shikamoo mzee #3. Hapo naomba nirekebishe. Seikosha ni kweli ni ya Tokyo, ilianza 1892, na kweli zilifika huku. Lakini nyota yenye J ni Junghans, Mjerumani wa Schramberg, kule Msitu Mweusi. Kampuni ilianza 1861. Kama nyota ina ncha nane, alama hiyo walianza kuitumia 1890. MwanaMagomeni, hesabu ncha.

Jambo la pili, na hili la usalama. Kabla hujafanya chochote kwenye kasha, mashine itoke. Ukiitoa, usifungue vibao vyake mwenyewe kama springi imejaa. Ile springi ikifyatuka inakata vidole. Peleka kwa fundi saa aishushe kwanza taratibu kwa ufunguo.

#5 Mzee wa Upanga
Marahaba. Nimekubali ya nyota. Lakini Seikosha zilikuwepo!

#6 MwanaMagomeni
Nimehesabu, ncha nane. Asante fundi. Kwa hiyo ni ya Ujerumani, tumemaliza?

#7 Dada Vinia
Hatujamaliza hata kidogo. Mashine ni kitu kimoja, kasha ni kingine. Nusu ya pili ya karne ya 19 Uingereza walikuwa wanaingiza mashine za saa kutoka Marekani halafu wanazivalisha makasha: uso wa duara au wa pembe nane, kisanduku chini na kidirisha cha pendulamu, mbao za walnuti au roziwudi, na njumu za maua, nyingine za chaza na shaba. Ulivyoieleza ya babu yako ni hiyo hiyo. Inawezekana kasha lilizaliwa na mashine ya Mmarekani, ikafa, fundi akaweka ya Mjerumani.

Angalia hivi: ukishatoa mashine, tazama ubao ilipofungwa. Ukikuta matundu ya skrubu yasiyolingana na miguu ya mashine uliyonayo, jua imebadilishwa.

Kuhusu msasa. Vinia ya zamani ilikatwa kwa msumeno, ina unene wa milimita moja, pengine mbili. Chaza ni jembamba hivyo hivyo. Halafu kila kitu kilisawazishwa na kusuguliwa miaka zaidi ya mia iliyopita, kwa hiyo kilichobaki ni kidogo kuliko unavyodhani. Mashine ya msasa haijui kwamba chaza ni gumu na mbao ni laini. Itakula mbao na kuacha maua yamesimama kama vipele. Tena unga wa chaza ukiuvuta ni mbaya kwa mapafu, hata huyo fundi anajiumiza.

#8 Kizimkazi
Mimi naona mnakimbilia Ulaya haraka. Maua ya chaza na mbao nyeupe na nyeusi? Hiyo kazi ya pwani. Viti vya enzi vya Lamu na Unguja vina njumu tangu zamani. Kwa nini kasha lisiwe la fundi wa Unguja aliyenunua mashine tu?

#9 Mchonga_Mwenge
#8 ndugu yangu, kiti cha enzi ninakijua. Njumu yake ni pembe au mfupa kwenye mbao nyeusi, na mtindo wake ni pembetatu, nyota na mistari, siyo waridi lenye majani. Sisemi fundi wa pwani hawezi maua, milango ya Unguja ina mayungiyungi ya ajabu. Lakini hayo ni ya kuchonga, siyo ya kutia.

Na kama mtu atasema ni kazi ya Bombay, ile ya sadeli, hapana pia. Sadeli ni vijipande vidogo sana vya pembe, madini na mbao vinavyofungwa pamoja kama vijiti, halafu vinakatwa kwa upana kama unavyokata mkate. Unapata nyota ndogo ndogo zinazojirudia.

#10 Kizimkazi
Mafundi wa Kihindi walikuwa Unguja na Dar, na walifanya kazi waliyoagizwa na mteja. Mteja akitaka waridi anapewa waridi. Bado sijashawishika.

#11 BintiKisutu
Turudi kwenye ugonjwa wa saa kwanza jamani, vipande vinazidi kudondoka huku tunagombania uraia.

MwanaMagomeni, Kijitonyama una kiyoyozi?

#12 MwanaMagomeni
Ninacho. Saa iko ukuta wa mkabala nacho.

#13 BintiKisutu
Jibu lako ndilo hilo. Miaka sitini saa imekaa Magomeni, madirisha wazi, unyevu wa bahari mchana na usiku. Mbao imezoea kuvimba. Umeiweka kwenye hewa kavu ya kiyoyozi, mbao imesinyaa. Shaba haisinyai kwa ukavu. Mfereji umefupika, uzi wa shaba umebaki na urefu wake, utaenda wapi? Juu. Sisi nyumbani kabati la marehemu baba lilifanya vile vile tulipofunga kiyoyozi, likapasuka ubavu kwa mlio kama wa bastola.

#14 FundiSaa_Gerezani
Naongeza: gundi. Makasha haya yaligandishwa kwa gundi ya ngozi za wanyama. Ikizeeka inakuwa kama kioo, inapasuka pasuka. Hata bila kiyoyozi siku yake ilikuwa inakuja. Mtikisiko wa kuihamisha kwa bajaji kutoka Magomeni unatosha kabisa kuimaliza.

#15 MwanaMagomeni
Haikuwa bajaji, niliipakata mwenyewe kwenye gari kama mtoto!

#16 Kapungu
Na jua je? Ukuta huo unapigwa na jua la jioni?

#17 MwanaMagomeni
Saa kumi na moja hivi linaingia, ndiyo, linapiga upande wa kushoto. Na sasa ukisema hivyo, vipande vitano kati ya saba vimetoka kushoto.

#18 Kapungu
Haya basi.

#19 BintiKisutu
Na kiyoyozi kinapuliza upande gani?

#20 MwanaMagomeni
Kushoto pia.

#21 Mchonga_Mwenge
Kabla hamjafunga kesi, mwambieni atazame bungua. Geuza kasha, weka karatasi nyeupe chini, liache usiku mmoja. Asubuhi ukikuta unga laini mpya kwenye karatasi, kuna mdudu hai ndani, na gundi yote utakayoweka ni bure. Matundu matupu yasiyotoa unga ni ya zamani, hayo usiyaogope.

#22 Dada Vinia
Karatasi ni wazo zuri sana. Sasa njia ya kurekebisha, nitaeleza ninavyofanya mimi, nimerudishia masanduku na meza za watu kadhaa.

Kwanza usiongeze uharibifu. Zima kiyoyozi kwenye chumba hicho au hamisha saa, iache wiki tatu nne itulie. Usitie gundi kwenye mbao iliyosinyaa. Mara nyingi mfereji unarudi wenyewe na uzi wa shaba unalala bila ugomvi. Wapo wanaokata kipande cha shaba ili kitoshe. Masika yakifika mbao inavimba na hapo unabaki na pengo la milele.

Pili, jua lililopakwa juu ni nini. Chukua pamba kwenye kijiti, ichovye spiriti, gusa mahali pasipoonekana. Kama panakuwa pa kunata, ni sheliki, ile inayotokana na utomvu wa wadudu wa India. Hiyo ni habari njema, maana sheliki mpya inashikana na ya zamani na huhitaji kuvua chochote. Kama spiriti haifanyi kitu lakini thina inayeyusha, kuna mtu alishapuliza klia, ile vanishi ya kisasa, miaka ya karibuni.

Uchafu wa moshi na mikono: kitambaa laini na mate. Msicheke, hata mafundi wa makumbusho wanatumia mate, yana vimeng'enya vinavyolainisha uchafu. Maji mengi usithubutu, yataingia chini ya vinia.

Tatu, gundi. Supagluu hapana, epoksi hapana. Siyo kwamba hazishiki, zinashika mno. Wajukuu zako wakitaka kufungua watavunja. Gundi ya ngozi unailoweka maji, unaipasha kwenye kopo lililo ndani ya sufuria ya maji ya moto, isizidi nyuzi 60 hivi, ikichemka nguvu zake zinaisha. Kosea leo, kesho unafungua kwa joto na unyevu kidogo. Kipande kilichonyanyuka bila kutoka unaingizia gundi kwa bomba la sindano, karatasi ya nailoni juu, kibao, uzito, siku nzima.

#23 Mchonga_Mwenge
Kwa shaba gundi ya ngozi peke yake inakataa. Kwangua chini ya uzi kidogo kwa wembe upate mikwaruzo, futa mafuta kwa spiriti, kisha paka kitunguu saumu. Kata punje, isugue kwenye shaba, ndipo utie gundi. Ni siri ya zamani ya watia njumu na inafanya kazi.

#24 Mzee wa Upanga
Kitunguu saumu! Sasa hii saa tunaitengeneza au tunaikaanga?

#25 Mwanza_hadi_Dar
Mimi natoka kanda ya ziwa, niongezee. Kwa shaba na chaza gundi nzuri kuliko zote ni ya samaki. Mabondo ya sangara, vile vifuko vya hewa tumboni mwa samaki, mnayoyaona yanauzwa kwenda China, ndiyo mali yenyewe. Nilikata kipande kidogo cha bondo kavu, nikaloweka usiku, nikapasha taratibu, nikachuja kwa kitambaa. Nilipata gundi safi inayoonyesha ng'ambo, na chini ya chaza haileti rangi ya njano. Nilirudishia vipande vya rozari ya mama mkwe, mwaka wa tatu huu viko imara. Bei ya bondo si ya mchezo, ila kwa saa moja unahitaji kipande cha kidole.

#26 FundiSaa_Gerezani
Hii ya bondo sikuwahi kuijua. Asante mkuu.

#27 Kapungu
Na vile vipande vitatu vilivyofagiwa?

#28 Mchonga_Mwenge
Vinakatwa vipya. Weka karatasi nyembamba juu ya shimo, isugue kwa penseli iliyolala, umbo linajitokeza. Bandika hiyo karatasi kwenye chaza na ukate kwa msumeno wa uzi, polepole, chaza likiwa limelowa maji ili unga usiruke, na barakoa usoni. Majani meusi nitakukatia mimi kwa mpingo, mabaki ninayo tele. Meupe tumia mchungwa, una rangi ya siagi na punje zake ni ndogo. Usitumie mpya nyeupe pee, itapiga kelele kati ya za zamani.

Ila tazama kwanza hivyo vipande vyeupe, vyote ni mbao na chaza kweli? Kama kuna pembe ya ndovu, usiongeze hata chembe. Biashara yake kimataifa ilifungwa 1989, na hapa kwetu kukutwa na pembe bila kibali ni kesi nzito. Mfupa una vidoa vidogo vyeusi kama ncha za sindano, ndiyo mishipa iliyokufa. Pembe haina vidoa, ina mistari inayokatana kama wavu. Pa kuziba tumia mfupa wa ng'ombe uliochemshwa na kuanikwa.

#29 MwanaMagomeni
Nimetazama kwa kioo cha kukuzia, ni mbao na chaza tu. Karatasi ya bungua imelala usiku mbili, safi.

Jana nimeenda kwa FundiSaa, ametoa mashine mbele yangu. Dada Vinia, matundu yapo! Manne hayalingani na kitu. Mashine ya nyota imefungwa kwenye matundu mengine kabisa. Na kuna zaidi. Ubao wa nyuma ni msaji, fundi kaukwangua kidogo na kuunusa. Lakini mbavu za kasha chini ya vinia ni mbao nyepesi ya njano, yeye anasema msonobari.

#30 Kizimkazi
Msaji! Nilisema mimi. Pwani hiyo.

#31 Dada Vinia
Ubao wa nyuma ndio wa kwanza kuliwa na mchwa, ndio wa kwanza kubadilishwa. Mbavu za msonobari ndizo mwili wenyewe, na msonobari chini ya vinia ni desturi ya Ulaya na Marekani.

#32 Kizimkazi
Makreti ya bidhaa yaliyoshuka bandarini yalikuwa ya msonobari pia. Fundi wa Unguja alikuwa anayafumua na kuyatumia. Hata hapa Dar.

#33 Dada Vinia
Hilo siwezi kulikataa.

#34 FundiSaa_Gerezani
Ndani kwenye ubavu kuna maandishi ya penseli: 1931 na mstari mmoja wa hati ya Kigujarati. Mafundi saa tuna desturi hiyo, ukimaliza kazi unaandika. Nimempa MwanaMagomeni picha.

#35 BintiKisutu
Leteni hiyo picha, baba mdogo anaisoma.

...Amesoma. Anasema ni "imesafishwa, springi mpya". Jina halipo. Kwa hiyo 1931 ilikuwa tayari nzee kiasi cha kuhitaji springi, na ilikuwa mikononi mwa fundi wa Kigujarati. Unguja, Dar au Mombasa, hajui mtu.

#36 Mzee wa Upanga
Naomba niulize kitu kingine. Babu yako aliitegea saa ya Kiswahili au ya Kizungu? Kwetu ya baba ilisoma saa kumi na mbili jua likichomoza, mgeni wa Kizungu akija anababaika.

#37 MwanaMagomeni
Mzee umenigusa. Ya Kiswahili! Asubuhi ya shule iligonga mara moja, tukajua tumechelewa. Mimi nikaibadilisha iende na simu yangu.

#38 FundiSaa_Gerezani
Mshale wa saa unashikwa kwa msuguano tu, ukiusukuma peke yake unakaa unapotaka, mlio haubadiliki. Ila kamwe usirudishe mshale wa dakika nyuma, mashine za kuhesabu mlio zinavurugika. Ukitaka, siku ya kuifunga naiweka kama ya babu, mlio na mshale vyote viende pamoja.

#39 MwanaMagomeni
Naomba sana iwe hivyo. Na yule wa msasa nimeshampigia, nimemwambia hapana.

Mpango: kasha linapumzika Magomeni kwa shangazi hadi mwisho wa mwezi, halafu Dada Vinia anakuja na gundi, Mchonga anakata vipande vitatu. Bondo limeshapatikana soko la samaki la Feri.

Mwisho kabisa. Shangazi akifuta vumbi leo ameona karatasi iliyobandikwa ndani nyuma ya pendulamu, kwenye ubavu wa msonobari. Imeliwa na mende karibu yote. Herufi zilizobaki ni BUR na mwanzo wa herufi nyingine.

#40 Dada Vinia
Usiiguse! WATERBURY, Connecticut. Wamarekani walibandika karatasi ndani ya makasha. Nilisema mashine ya kwanza ilikuwa ya Mmarekani.

#41 FundiSaa_Gerezani
Au HAMBURG. Kulikuwa na kampuni ya Hamburg-Amerikanische, nayo ya Schramberg, baadaye ikaungana na Junghans. Au FREIBURG ya Silesia, alikokuwa Gustav Becker. Zote zina BUR.

#42 Kizimkazi
Na kama karatasi imetoka kwenye kreti?

#43 Mchonga_Mwenge
Zima taa, washa tochi ya simu ukiilaza ubavuni mwa karatasi, piga picha. Wino ukifutika, alama ya kukandamizwa kwa chapa inabaki, mwanga wa kulala unaionyesha. Hiyo herufi ya nne ndiyo kila kitu.

#44 MwanaMagomeni
Nimepiga tano. Kuna mkunjo kwa juu, halafu mguu unashuka. Mimi naona G. Shangazi anaona Y.